Kushika beti za taarabu jukwaani ukishapita hamsini

Hii ni ya wale wanaoimba taarabu kwa mapenzi tu, sio kwa riziki, hapa Lamu na kwengineko, ambao umri umeshasogea na sasa ubeti wa tatu ukikaribia moyo unaanza kwenda mbio. Maneno hayajafutika wazee wenzangu, yapo, ila ukubwani kuyavuta kunachukua muda zaidi na jukwaani huo muda ndo hauna. Kwa hivo hapa sitafundisha kukariri zaidi, nafundisha kujiwekea milango mingi ya kuingilia wimbo, mmoja ukijifunga upite mwengine.

Hatua ya 1: zima rekodi. Skiza mara mbili tatu, zima, chukua daftari andika unachokumbuka, ndo ulinganishe. Watu wanaskiza wimbo kutwa kwenye simu wakidhani wameushika kumbe wanamfuata mwimbaji nyuma nyuma. Kule kujikamua bila kuangalia ndo kunakoshikisha. Fanya leo, kesho, ruka siku mbili, rudi tena, na ukiweza iwe usiku kabla ya kulala sababu usingizi unasaidia maneno kukaa.

Hatua ya 2: shika vina kabla ya maneno. Hapa ndo penye mali yenyewe. Chukua huu ubeti nimeutunga sasa hivi kwa mfano tu:

Pepo za kusi zavuma, jahazi lenda kwa shida
Nahodha ashika tama, baharia hana muda
Niliwambia mapema, mtakosa msaada

Mizani nane kwa nane, kina cha kati *ma*, cha mwisho *da*. Pembeni ya daftari andika "ma-da" kwa rangi nyekundu, kila ubeti na vina vyake. Sasa ukikwama baada ya "nahodha ashika" huna haja ya kutafuta neno katika Kiswahili kizima, unatafuta neno fupi linaloishia *ma*, na mara nyingi ulimi unalitoa wenyewe kabla hujafikiri. Hata lisipotoka unaweza kupachika lako lenye kina na mizani sawa na ukumbi wote usijue, labda mshairi akiwa amekaa mbele, na huyo hata ukiimba sawasawa atalalamika tu.

Hatua ya 3: vichwa vya beti. Maneno mawili ya kwanza ya kila ubeti, hayo uyajue kama jina lako. Usianze mazoezi juu kila siku, maana ukizoea hivo ubeti wa kwanza unakuwa chuma na wa mwisho uji. Anza wa mwisho, rudi wa pili, ruka. Mie beti nazipanga njiani, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu: ubeti wa kwanza naulaza kwenye uwanja mbele ya Ngome, wa pili sokoni pale kando, wa tatu kwa muuza halua, na nikiimba napita kichwani nikikusanya. Misikiti nairuka, nyimbo za mapenzi zisiwekwe huko.

Hatua ya 4: zoea usumbufu. Simama, shika hata mwiko uwe maiki, weka redio ikipiga kelele. Na la muhimu, mpe mjukuu noti aje akutuze katikati ya mshororo. Harusini kinachopoteza waimbaji wengi ni hicho, shangazi anakuja anacheza taratibu, anakupachika noti kwenye kilemba, unatabasamu, unainama kushukuru, na ukiinuka mshororo hauko tena. Jizoeshe kumaliza kipande cha mizani nane kwanza ndo uiname.

Hatua ya 5: tumia mziki wa kati. Udi na fidla zikipokea, usitazame watu wala usipunge mkono. Sema kichwa cha ubeti unaofuata kimoyomoyo, kisha pumzika. Ukiingia na bado huna uhakika, rudia mshororo mara mbili, kwenye taarabu hiyo ni desturi na hakuna atakayeshtuka.

Hatua ya 6: kibao cha kuchungulia. Sio aibu. Karatasi moja, herufi kubwa usomazo bila miwani, vichwa na vina peke yake, ukiandika wimbo wote utausoma wote. Shoo ikiwa juu ya paa, ibane kwa vibanio vya nguo maana upepo haujui kama unaimba. Ukitumia simu zuia kioo kisijizime, na weka karatasi hata hivo, stima yenyewe mnaijua.

Siku yenyewe epuka zile dawa za mafua zinazolaza, na kunywa maji.

La mwisho ni mpiga kinanda. Elewaneni ishara mapema, kwamba ukimtupia jicho na kuinua kidole anazungusha mziki mara moja zaidi kabla hujaingia. Akiwa kijana mwenye haraka ya kumaliza akale biriani, tafuta mwengine.