Kumpata Mtoaji wa Seli Shina Anayelingana kwa Nusu
Mgonjwa anapohitaji kupandikizwa seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, anzeni kwa kuwapima wazazi, watoto na ndugu zake alama za HLA, ambazo ni protini zilizo juu ya seli zinazousaidia mwili kutambua seli zake na za kigeni. Mzazi na mtoto wa kuzaa hulingana angalau kwa nusu, ilhali ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana kikamilifu na asilimia 50 wa kulingana kwa nusu.

Kabla ya kumteua yeyote, ulizeni kama damu ya mgonjwa imepimwa kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazolenga alama za mtoaji huyo, kwani zikiwa nyingi seli mpya zinaweza kukataliwa. Hili, kwa maoni yangu, ndilo swali ambalo familia husahau kwa urahisi.

Mtoaji hudungwa sindano za kuchochea seli kwa siku 4 au 5, kisha damu yake hupitishwa kwenye mashine inayotenga seli shina na kumrudishia iliyosalia. Au huvutwa uboho kwenye mfupa wa nyonga akiwa amepewa nusukaputi. Mgonjwa naye mara nyingi hupewa dawa ya saiklofosfamaidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa, ili kuziangamiza seli za mtoaji zilizoanza kuushambulia mwili wake. Homa yoyote iripotiwe papo hapo, hata usiku wa manane.