Namna ya kulinganisha Sony a7 III na a7 IV kabla hujatoa hela yako

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Mbeya huniuliza swali moja mara nyingi: ninunue a7 III iliyotumika, au nijikaze nifikie a7 IV? Wengi wameshatazama video nyingi za kulinganisha kamera hizi mbili na bado wamekwama, kwa sababu wapimaji wa kwenye video hizo hawapigi send-off katika ukumbi wenye taa za zambarau Mwanjelwa, wala hawahariri kwenye laptop ya mtumba. Kwa hiyo nakuelekeza uzipime mwenyewe, kwa kazi yako. Kama unalinganisha Canon, Nikon au Fujifilm, hatua ni hizihizi. Utabadilisha tarakimu tu.

Hatua ya 1: Andika kazi zinazokulipa

Chukua karatasi uandike kazi ulizolipwa mwaka huu, si zile unazotamani kuzifanya. Mbele ya kila kazi andika kama mteja alitaka picha, video au vyote, na kama ilifanyika mchana au usiku. Karatasi hii utarudi kwayo hadi mwisho. Anayepiga picha za mnato kanisani na kwenye kumbi ana mahitaji tofauti kabisa na anayetengeneza video za hoteli za Matema, au anayepanda Kitulo wakati wa maua kurekodi mandhari.

Hatua ya 2: Futa yanayofanana

Ukiziweka sifa za kamera hizi mbili pamoja, utashangaa mengi ni yaleyale. Zote zina sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya zamani ya 35mm. Zote zinatumia lenzi za mlango wa E, kwa hiyo lenzi utakayoanza nayo utahama nayo. Betri ni ileile, NP-FZ100. Zote zinafikisha picha 10 kwa sekunde, zina nafasi mbili za kadi, na zinatuliza mtikisiko ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Uzito ni gramu 650 kwa 658. Yote hayo yapigie mstari uyafute.

Kinachobaki ndicho unachoombwa kukilipia. a7 III ilitoka mwaka 2018 ikiwa na megapikseli 24. A7 IV ilitoka mwishoni mwa 2021 ikiwa na megapikseli 33. Ya zamani inarekodi video ya 4K hadi fremu 30 kwa sekunde, mpya inafika 60, ingawa kwenye 60 inakata picha pembeni na kutumia sehemu ya katikati tu ya sensa. Ya zamani hukata kurekodi ikifika kama dakika 29, nawe unalazimika kubonyeza tena; mpya haina kikomo hicho. Skrini ya zamani inainuka na kushuka tu, ya mpya inafunguka pembeni na kugeuka kukutazama. Kidirisha cha kuchungulia cha mpya kinaonyesha vizuri zaidi. Ya zamani ina tundu dogo la HDMI, mpya ina tundu kubwa la kawaida.

Betri ni ileile, lakini ya zamani ndiyo inayokaa nayo muda mrefu. Kwa vipimo vya kiwandani, ukitumia skrini, a7 III inapiga picha 710 kwa chaji moja na a7 IV 580. Kitulo asubuhi ya Julai, baridi inapoila chaji, utaliona pengo hilo. Zote mbili lakini zinakubali kuchajiwa kwa pawabenki kupitia tundu la USB-C, jambo la kushukuru umeme unapokatika saa nne kabla ya harusi.

Hatua ya 3: Ikague bodi iliyotumika, usikague jina lake

a7 III mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa leo. Usikubali kutumiwa kwa basi kamera ambayo hujaishika. Kutaneni, tena mchana, na uende na kadi yako, lenzi yako na laptop. Mwambie muuzaji kwa ustaarabu tu: "Kaka, naomba niweke kadi yangu nipige picha chache kabla hatujaongea bei." Mwenye mali safi hana sababu ya kukataa. Akikataa, mshukuru uondoke.

Anza na sensa. Weka apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/16, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, elekeza kwenye ukuta mweupe au mbingu tupu, zungusha fokasi mpaka picha iwe ukungu mtupu, kisha piga. Ifungue kwenye laptop na uikuze. Madoa ya kijivu yenye kingo laini mara nyingi ni vumbi, na vumbi husafishwa. Mstari mwembamba usioondoka hata baada ya kupuliza huenda ni mkwaruzo, na hapo usiendelee. Kisha funika lenzi kwa mfuniko wake, weka ISO 1600 na shata (pazia linalofunguka mbele ya sensa) ya sekunde moja, piga. Vinukta viwili vitatu vya rangi ni vya kawaida. Vikijaa kama nyota, waza mara mbili.

Halafu shata. Sony walisema shata ya a7 III ilijaribiwa hadi mipigo 200,000. Zipo programu zinazosoma idadi ya mipigo kutoka kwenye faili ya picha uliyopiga papo hapo, kwa hiyo usitegemee maneno. Piga hesabu: mtu anayepiga fremu 2,000 kwa kila harusi anafika huko kwa harusi 100. Idadi ikiwa kubwa kamera haijafa, ila bei lazima ishuke.

Chomeka waya kwenye kila tundu na uutikise kidogo, hasa ule wa HDMI ndogo, maana watu wa video huuchakaza. Weka flashi juu uone kama inawaka kila mara. Zungusha kila gurudumu. Angalia pete ya chuma ya mlango wa lenzi, kama lenzi inacheza ikishafungwa. Ikiwa inauzwa na lenzi, imulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Kwa watu wa Tukuyu na Kyela hili si jambo la kupuuza, kwani kwenye mvua na unyevu ule fangasi haipungui, inazaana.

Hatua ya 4: Zipige zote kwenye mwanga wako mbaya kabisa

Usizijaribu nje kwenye jua la saa nne. Kwenye jua hilo hata kamera ya miaka kumi iliyopita inapendeza. Omba a7 IV kwa rafiki au ikodi kwa nusu siku, kisha ziingize zote mbili kwenye ukumbi jioni, taa zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa siku ya kazi. Tumia lenzi moja kwa zote. Weka apacha f/2.8 na shata 1/100, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na spidi hiyo huzuia taa nyingi zisilete mistari kwenye picha. Taa za DJ zina mambo yake, hizo zijaribu moja moja. Piga kwa ISO 3200, 6400 na 12800, zote RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaihariri.

Mtu wa kumpiga mchague kwa makini. Mtafute mwenye ngozi nyeusi hasa, avae suti nyeusi, na asimame pembeni ya kitambaa cheupe kama shela. Huo ndio mtihani halisi wa harusi zetu. Chenga, yaani vipunje vinavyochafua picha ya gizani, huanzia kwenye kivuli cha shavu na kwenye bega la suti, na mweupe wa shela ndio wa kwanza kuungua. Pima mwanga kwa uso, kisha nyumbani vuta vivuli juu na weupe chini kwa kiasi sawa kwenye faili zote mbili.

Hapa wengi hukosea namna ya kutazama. Wanakuza zote asilimia 100 na kusema ya zamani ni safi zaidi. Megapikseli 33 ukiikuza hivyo unakuwa umeivuta zaidi. Punguza picha ya a7 IV iwe na ukubwa sawa na ile ya 24, ndipo ulinganishe. Ukifanya hivyo, utaona tofauti ya chenga ni ndogo mno, kiasi kwamba bibi harusi hataijua kwenye albamu. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu watu wanaongeza hela nyingi wakitumaini picha za gizani zitabadilika. Kinachobadilisha picha za gizani ni lenzi inayofunguka zaidi na flashi iliyopigwa vizuri kwenye dari.

Hatua ya 5: Jaribu fokasi kwa mtu anayesogea

Mwambie mtu aje kwako kutoka mlangoni akitembea mwendo wa maharusi, kisha arudi akicheza, kisha ajifunike khanga nusu ya uso. Kwanza piga picha. a7 III iliyopandishwa programu hadi toleo la 3.0, lililotoka Aprili 2019, inashika jicho vizuri sana, la mtu na hata la mnyama. Angalia toleo kwenye menyu. Kama ni la chini ya hapo, unaijaribu kamera isiyokamilika.

Sasa rekodi video ya mwendo uleule. Hapa ndipo kamera hizi zinaachana. a7 III kwenye video inatambua uso lakini haishiki jicho, na mtu akigeuka upande au akipitiwa na mpambe mbele, itakutafutia kitu kingine. a7 IV inashika jicho kwenye video pia, na ikimpoteza mtu inamrudia haraka. Kama unafanya kazi peke yako, kamera moja kwenye stendi na nyingine mkononi, jambo hili peke yake linaweza kuhalalisha bei ya mpya.

Hatua ya 6: Kwa wa video tu, pima rangi na kompyuta yako

a7 III inarekodi rangi kwa biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. a7 IV inaweza biti 10, ngazi 1,024. Ili uone maana yake, nenda Uporoto asubuhi ukungu ukiwa juu ya mashamba ya viazi, au tazama mbingu juu ya Loleza jua likizama. Rekodi kwa S-Log3 (mpangilio wa Sony unaotoa video iliyofifia ili rangi uitie wakati wa kuhariri) kwa zote, kisha ongeza kontrasti wakati wa kuhariri. Kwenye biti 8 utaona anga linagawanyika mistari mistari badala ya kufifia taratibu. Kwenye biti 10 linabaki laini. Kama hurekodi kwa S-Log, na rangi unaimaliza ndani ya kamera, tofauti hii hutaikuta.

Lakini mzigo nao unapanda. 4K ya a7 III kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Ile ya biti 10 ya a7 IV kwa megabiti 140 inakula 63. Na faili hizo za biti 10 (aina ya 4:2:2, inayobeba rangi nyingi zaidi) zinazisumbua kompyuta nyingi, hata zenye kadi ya grafiki, kwa sababu nyingi hazina sehemu iliyotengenezwa kuzifungua. Pakia faili ya jaribio kwenye laptop yako mwenyewe uiburute kwenye taimulaini. Ikigandaganda, andika bei ya kompyuta kwenye karatasi yako, kwa sababu nayo sasa ni sehemu ya bei ya kamera.

Hatua ya 7: Jumlisha kila kitu

Siku zilipotoka, bodi tupu ya a7 III ilikuwa dola 1,999 na ya a7 IV dola 2,499 kule Marekani. Huku kwetu pengo hulijui mpaka uulize siku ile unayonunua. Uliza Mbeya, uliza Kariakoo, kisha andika safu mbili: bodi, lenzi, kadi mbili za kasi, betri ya akiba, flashi, kompyuta ikibidi.

Msimamo wangu ni huu. Kama karatasi ya hatua ya 1 imejaa picha za mnato, nunua a7 III safi na pesa iliyobaki iweke kwenye lenzi ya f/2.8 kama Tamron 28-75mm, au 85mm f/1.8, pamoja na flashi. Kama zaidi ya nusu ya mapato yako ni video, na hasa kama huna msaidizi, subiri, ongeza, nunua a7 IV. Anayebadilisha lenzi mara kwa mara kwenye vumbi la kiangazi ana sababu moja ya ziada: a7 IV inaweza kuwekwa ifunge shata inapozimwa, vumbi lisiifikie sensa moja kwa moja. Usinunue mpya ukabaki na lenzi ya kit (inayouzwa pamoja na bodi) ya f/3.5-5.6 ukumbini, hapo mwenye a7 III na lenzi nzuri atakushinda kila Jumamosi.

Hatua ya 8: Karatasi za mauziano

Dukani dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye namba ya bodi, na hakikisha namba hiyo inalingana na iliyo kwenye kamera. Kwa mtu binafsi, omba risiti yake ya zamani, kisha mwandikiane mauziano yenye majina, namba ya kitambulisho, namba ya bodi na ya lenzi, na saini za mashahidi wawili; ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kufanyia hivyo. Kamera za wizi zipo, na ikikamatwa nawe utakayehojiwa ni wewe. Lipa kwa benki au simu, muamala ubaki. Kama mmekubaliana siku za majaribio, ziandikwe humohumo, na katika siku hizo ipeleke kamera kwenye kazi ndogo, ijaze kadi zote mbili, iwashe mpaka betri iishe, kabla hujaipeleka kwenye harusi ya mtu.