Ukihamia Kusini, jifunze kwanza uzito wa "njomba"

Wewe uliyepangiwa kazi Newala, Tandahimba au Nachingwea, huku Kusini mwa Tanzania, na unajiambia Kiswahili si wote tunakijua, tatizo liko wapi, subiri kwanza.

Anza na salamu na usiikate. Dukani usiingie na "nipe sukari nusu", toa shikamoo kwa mkubwa, uliza za nyumbani, za shamba, na kama ni msimu wa korosho gusia bei ya mnada, hapo utapigwa stori mpaka usahau sukari. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa naruka yote hayo, mama mmoja akaniuliza taratibu tu, "mwanangu, huko kwenu watu hawalali?" maana sijamuuliza kaamkaje. Niliona aibu hiyo!

Halafu utaitwa njomba. Usicheke wala usiigize, ile m ya mjomba au mtu wengi huku, hasa wazee, wanaitamka n, ndo lafudhi yao na wewe unayo yako. Ila neno lenyewe ndo la kushika. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kwa asili ukoo wanauhesabu kwa mama, kwa hiyo mjomba si yule wa kukununulia soda Idi, ana kauli kwenye ndoa, jando na misiba. Barabarani njomba ni kama "kaka" tu, lakini ukienda kuposa ukamalizana na baba ukadhani umemaliza, bado sana. Uliza mapema wajomba ni kina nani.

Utani usiuparamie. Msibani utamwona mtu anamsema marehemu mambo ya ajabu na watu wanacheka na machozi yanawatoka, huyo ni mtani, ana haki yake na wakati mwingine anadai mpaka hela. Wewe mgeni ukidakia utakuwa umetukana. Mambo ya jando na unyago nayo usiyaulize mbele za watu, hasa mbele ya watoto.

Maneno ya kazi yaokote shambani na sokoni: mabibo, yaani matunda ya mkorosho, uraka, pombe inayotokana na hayo mabibo, ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Kangomba usilitamke kwa mzaha, hapo ni mkulima ana shida kabla ya mnada, anauza korosho zake kwa kipimo cha bakuli badala ya mzani, bei ya kutupa. Mtu aliyewahi kuuza hivyo hacheki.

Na yale mambo ya "watu wa Kusini wako nyuma" yaache hukohuko. Vita vya Majimaji vya 1905, vya kuwapinga Wajerumani, vilianzia Umatumbini, Kilwa hapa, na neno maji, ile dawa ya kuwakinga na risasi, likawakusanya Wamatumbi, Wangindo, Wamwera mpaka Wangoni, kila mmoja na lugha yake.

Kimakonde chenyewe jifunze kwa watoto wa jirani, watakucheka mpaka wakae chini halafu watakurudishia neno vizuri, wakubwa wanakuonea haya wanakuacha unakosea miaka mitatu.