Namna ya Kuzisikiliza Simfoni Zilizotungwa na Viongozi wa Okestra

Wapo viongozi wa okestra waliojipatia sifa kwa kuongoza kazi za watunzi kama Beethoven na Brahms, ilhali wenyewe walitunga simfoni, yaani kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa, ambazo wasikilizaji wengi hawajapata kuzisikia. Anayetaka kuzifahamu ajiepushe tangu mwanzo na mchezo wa kutafuta ni wapi mtunzi ameazima kutoka kwa mtunzi mwingine. Mchezo huo humpumbaza msikilizaji kiasi kwamba muziki unaopigwa mbele yake unampita. Afadhali aisikilize simfoni mara ya kwanza kama kazi ya mtu asiyemjua, kisha arudi kwenye rekodi nyingine ya simfoni hiyohiyo na kuuliza kila kiongozi ameamua nini.

Gustav Mahler, ambaye alipokuwa hai alijulikana zaidi kwa kuongoza okestra kuliko kwa utunzi, hakuacha rekodi yoyote ya okestra. Kilichobaki ni vipande alivyovipiga kwa piano mjini Leipzig mwaka 1905 na kuhifadhiwa katika karatasi zilizotobolewa, ambazo piano maalumu huzisoma na kuzipiga tena, kimojawapo kikiwa sehemu ya kwanza ya simfoni yake ya 5. Kwa waliomfuata hali ni tofauti, kwa kuwa baadhi yao waliziongoza simfoni zao mbele ya vinasa sauti, na hapo ndipo pa kuanzia.

Anza na Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra wa Marekani, na hasa simfoni yake ya 1 iitwayo "Jeremiah", ambayo aliiongoza mwenyewe ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh mwaka 1944. Haichoshi, kwani haifiki nusu saa, na sehemu zake tatu zinatofautiana waziwazi: ya kwanza ni nzito, ya pili ina midundo inayobadilika ghafla, na ya tatu inamleta mwimbaji wa mezo-soprano (sauti ya kike ya kati) anayeimba kwa Kiebrania maneno ya kitabu cha Maombolezo. Kabla ya kusikiliza, soma sura ya 1, ya 4 na ya 5 za kitabu hicho, ambamo maneno hayo yametolewa, kwa sababu sehemu ya tatu ndiyo inayobeba uzito wa simfoni nzima. Chukua rekodi ya okestra ya New York Philharmonic ya mwaka 1961, akiimba Jennie Tourel, ambaye ndiye aliyeimba pia katika onyesho la kwanza. Ukiisha kuizoea, sikiliza ile aliyoifanya na Israel Philharmonic mwaka 1977, ambamo anaimba Christa Ludwig. Binafsi naipenda zaidi ya 1961, kwa kuwa sehemu ya pili ina ukali unaoifaa.

Ukiendelea na simfoni yake ya 2, "The Age of Anxiety", angalia kwa makini ni toleo gani unalolisikiliza. Bernstein aliirekebisha mwaka 1965 na kuipa piano nafasi kubwa zaidi katika sehemu ya mwisho, kwa hiyo rekodi ya mwaka 1950, ambamo piano inapigwa na Lukas Foss, ina mwisho usiofanana na ule wa rekodi za baadaye. Simfoni ya 3, "Kaddish", nayo ilipigwa mara ya kwanza Tel Aviv mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1977. Asiyetazama tarehe anaweza kudhani kwamba viongozi wawili wanapingana, kumbe wanaongoza matoleo mawili.

Wilhelm Furtwängler, kiongozi wa okestra wa Ujerumani, anahitaji subira zaidi. Yeye alijiona kuwa mtunzi kwanza, na simfoni yake ya 2, aliyoianza wakati wa vita kuu ya pili na ambayo ilipigwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1948, inachukua takribani dakika 80. Usijilazimishe kuimaliza kwa mkao mmoja. Sikiliza sehemu ya kwanza peke yake, uirudie siku nyingine mpaka utambue sauti kuu zinaporudi zikiwa zimebadilika sura, ndipo uingie katika sehemu tatu zilizobaki. Furtwängler huendesha muziki kwa mwendo unaopanuka na kubana polepole; msikilizaji anayehesabu midundo atachoka, lakini anayefuata mahali ambapo nguvu inajikusanya atauona mpango wake. Rekodi aliyoifanya studioni na Berlin Philharmonic mwaka 1951 ndiyo ya msingi, ingawa sauti yake ni ya zamani na ala zinazopiga sauti za kati husikika kwa shida. Kwa hiyo iandamanishe na ile ya Daniel Barenboim na Chicago Symphony Orchestra, ambayo inakuonyesha kile ambacho vinasa sauti vya 1951 vilishindwa kukifikia.

Bruno Walter alitunga simfoni katika D ndogo (D minor), ambayo Leon Botstein ameirekodi, na Felix Weingartner alitunga saba, ambazo Marko Letonja amezirekodi na okestra ya Basel. Za Weingartner ni nyepesi kusikiliza, ila sizioni kuwa na mvuto wa kudumu. Otto Klemperer aliirekodi mwenyewe simfoni yake ya 2 na New Philharmonia, nayo ni fupi na kavu.

Paul Kletzki mtengee siku yake. Alikuwa Myahudi wa Poland aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, akaacha kutunga katika miaka ya vita, na sanduku la nyimbo zake alilolificha Milan lilifukuliwa mwaka 1965. Hakulifungua hadi alipofariki mwaka 1973, akihofia kwamba karatasi zimeoza. Simfoni yake ya 3, "In memoriam", ya mwaka 1939, imerekodiwa na Thomas Sanderling na okestra ya Magdeburg. Kwa kuwa hakuna rekodi ya mtunzi mwenyewe ya kuilinganisha nayo, isikilize mara mbili mfululizo, na mara ya pili anza na sehemu ya polepole.