Kumtoa mtu kwenye picha bila kumnyoa nywele: GIMP hatua kwa hatua

Tovuti za kufuta mandharinyuma kwa mbofyo mmoja zinatosha kwa picha ya pasipoti au ya viatu vya kuuza mtandaoni. Zipe picha ya bibi harusi mtarajiwa mwenye afro, amepigwa bustanini saa kumi jioni, uone. Nywele zinarudi zimenyolewa duara, hereni moja imeliwa, na kati ya mkono na kiuno kimebaki kipande cha majani. Kwenye simu hutaviona. Kwenye kadi ya sendoff iliyochapwa, shangazi zake wote wataviona.

Kazi kama hiyo ifanye kwa mkono. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na haihitaji kompyuta ya kifahari. Majina ya menyu nayaandika kama yalivyo kwenye skrini.

Kabla ya yote: picha asilia

Mwambie mteja aitume picha WhatsApp kama "Document". Ikipita njia ya kawaida ya picha inabanwa, na nywele ndizo zinazogeuka uji kwanza. Kadi ya A5 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 1748 kwa 2480, kwa hiyo picha ya skrini aliyoikata Instagram haikufai, hata akikuapia kwamba ni "HD".

Hatua ya 1: Leya tatu

Fungua picha. Leya ni matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua "Duplicate Layer", kisha rudia. Ya juu iite "mwili", ya kati "nywele", ya chini ni asilia: bofya alama ya jicho iliyo kando yake ili isionekane, na usiiguse tena. Kwenye zile mbili za juu chagua "Add Alpha Channel", ili ziweze kuwa na uwazi. Sasa tengeneza leya mpya, ijaze rangi ya kadi yenyewe (tuseme maruni), na uiweke chini ya "nywele". Watu wengi hukagua kazi yao juu ya vile viboksi vya kijivu vinavyoonyesha uwazi, na viboksi vinaficha mengi. Kagua juu ya rangi ambayo picha itakwenda kukaa.

Hatua ya 2: Zungusha mwili

Zima "nywele" kwa muda. Simama kwenye leya ya "mwili", chukua zana ya "Paths" (herufi B), kisha kuza picha hadi asilimia 200. Bofya ukingoni mwa bega, sogea, bofya tena huku ukiburuta ili mstari upinde kufuata mwili. Kwenye mpindo mrefu kama wa mkono, nukta chache zinatoa mstari laini. Ukizijaza nyingi, mkono unakuwa na vinundu. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja hivi, usipite juu yake, kwa kuwa pikseli za ukingoni zimeshachanganyika na rangi ya nyuma.

Ukifika kichwani, usifuate nywele. Pita ndani ya afro, pale zilipo nzito kiasi cha kutoonyesha upande wa pili. Ukirudi ulikoanzia bonyeza Enter, na njia yako itakuwa uteuzi, yaani eneo lililochaguliwa. Nenda "Select", "Feather" (kulainisha ukingo), weka pikseli 1 au 2.

Kisha bofya leya kwa kitufe cha kulia, "Add Layer Mask", chagua "Selection". Mandharinyuma yanapotea lakini hayajafutwa: kwenye maski (kifuniko cha leya ulichoongeza), brashi nyeusi inaficha na nyeupe inarudisha. Anayetumia kifutio hana pa kurudi mteja akisema "mbona kidole kimekatika?" Tundu la kati ya mkono na kiuno lizungushie njia yake, bonyeza Enter, kisha lijaze nyeusi kwenye maski. Ukimaliza, "Select", "None".

Hatua ya 3: Nywele

Hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Washa leya ya "nywele". Ongeza maski, lakini safari hii chagua "Grayscale copy of layer" na uweke tiki kwenye "Invert mask". Nywele nyeusi mbele ya anga lenye mwanga zinageuka nyeupe kwenye maski, na anga linakuwa jeusi au kijivu. Hiyo ni maski ambayo nywele zimejichorea zenyewe, unywele kwa unywele.

Bofya maski kwa kitufe cha kulia, chagua "Show Layer Mask" uione wazi, kisha fungua "Colors", "Levels". Sukuma pembetatu nyeusi kulia hadi anga liwe jeusi tii. Vuta pembetatu nyeupe kushoto hadi kiini cha afro kiwe cheupe. Halafu usiendelee. Ncha za nywele ziache na kijivu chake, kwani ukikaza hadi kila kitu kiwe nyeusi au nyeupe, umemnyoa upya. Mwisho chukua brashi nyeusi kubwa, funika sehemu zote za maski zilizo mbali na kichwa: miti, kiti, watu waliopita nyuma. Zima "Show Layer Mask".

Mbinu hii inataka tofauti ya mwanga. Kama nyuma ya nywele kuna mwembe wenye kivuli, haitafanya kazi. Itabidi urudishe nyuzi moja moja kwa brashi nyembamba, au umwombe mteja picha nyingine. Mimi huomba nyingine.

Hatua ya 4: Rangi iliyobaki ukingoni

Juu ya maruni utaona utepe wa buluu kuzunguka afro. Ni anga. Bofya picha ndogo ya leya ya "nywele" (sio ya maski), chukua brashi, weka "Mode" iwe "Darken only" na "Opacity" 60. Shika Ctrl na ubofye ndani ya nywele kuchukua rangi yake, kisha pakaa ukingoni. Kinachoguswa ni pikseli zenye mwanga kuliko nywele tu. Kwa mkono uliopata ukijani wa majani, fanya vilevile kwenye "mwili" ukitumia "HSL Color", na rangi uichukue kwenye ngozi iliyo karibu.

Hatua ya 5: Kutoa faili

Zima leya ya maruni. "Image", "Crop to Content", halafu "File", "Export As", na jina liishie na .png. JPEG haibebi uwazi kabisa. Hifadhi pia .xcf (faili ya GIMP yenyewe) yenye leya zote, kwa sababu rangi ya sherehe hubadilika hata wiki ya mwisho.

Kumtumia mteja au mchapishaji ni "Document" tena. Ukiituma kama picha, WhatsApp itaubana ule uwazi uwe rangi, na utapigiwa simu.