Msamaha wa miaka 2 ya J-1 kwa ugumu wa familia

Umemaliza programu ya J-1 Marekani (viza ya wageni wa kubadilishana, kwa masomo au kazi), sasa sharti linakudai urudi Tanzania miaka 2. Kuomba msamaha kwa ugumu wa familia, anza na fomu DS-3035 mtandaoni. Ada ni dola 120, na utapewa namba ya kesi. Kisha peleka fomu I-612 na ushahidi kwa USCIS, idara ya uhamiaji.

Wengi hukwama kwenye nani anaumia. Anayehesabiwa ni mume, mke au mtoto wako mwenye uraia wa Marekani au makazi ya kudumu. Shida yako mwenyewe haimo, wala ya mama mzazi aliyeko Sengerema, hata awe mgonjwa kiasi gani.

Thibitisha mambo mawili, si moja: wataumiaje wakihamia nawe Mwanza, na wataumiaje wakibaki bila wewe. Kutengana miaka 2 pekee huonekana ni ugumu wa kawaida tu. Tuseme mtoto ana ugonjwa wa moyo. Barua ya daktari wake itaje ugonjwa, dawa, vipimo na kila baada ya muda gani. Kisha onyesha ni huduma ipi kati ya hizo haipatikani hospitali ya Bugando, Mwanza. "Hospitali za kwetu hazifai" si ushahidi.

Hati ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri.

USCIS wakikubali ugumu, faili huenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa pendekezo. Ufadhili wa serikali yao, mfano Fulbright, hukaza kamba hapo: pendekezo huwa gumu kupatikana.