Cummins ya kujenga, anza na pampu ya dizeli

Wakuu, ukitafuta pikapu ya Dodge Ram yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 ya kuongezea nguvu, kabla ya yote angalia ina pampu gani. Za 1994 hadi 1998 zina valvu 12 na pampu ya P7100, ni ya kimakanika tupu haina kompyuta, unabadili springi za gavana (kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi) na ile fyueli pleti (kibati kinachopima mafuta yanayoingia) nguvu inapanda palepale, ndo maana mi naipenda sana. Ila fungua kava ya mbele uizuie ile pini ndogo ya kwenye kesi ya gia za taiming, manake ikichomoka ikadondokea gia umeua injini. Mwishoni mwa 98 mpaka 2002 ni valvu 24 na pampu ya VP44, hii inapozwa na dizeli yenyewe so pampu ndogo ya kuleta mafuta ikilegea tu VP44 inakufa, funga geji ya presha ya mafuta kabla hujagusa kitu kingine. 2003 hadi 2007 ni komon reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, ina moshi kidogo, kelele kidogo na unaitune kwa laptop, ila nozeli zake hazitaki uchafu hata chembe, filta nzuri ni lazima.